Mluzi Uliobaki Korongoni

Mwezi uliopita nilipanda milimani kumtembelea mdogo wangu, na jioni ya kwanza tu nikagombana na ndege. Usinicheke. Nilikuwa nimekaa barazani kwake na kikombe cha chai ya tangawizi, ukungu unateremka kama kawaida yake, mara nikasikia simu inaita huko migombani. Ule mlio wa kitochi, unaujua. Ikaita, ikanyamaza, ikaita tena, hakuna anayepokea. Nikasema, "Jamani, nani huyo kasahau simu yake shambani?" Mdogo wangu akacheka mpaka akapaliwa. "Dada, hakuna simu pale. Ni kurumbiza. Ameokota mlio wa simu ya kijana wa bodaboda wa hapo jirani, sasa hatuna raha."

Nikainuka, nikaokota bonge la udongo nikalirusha migombani. Mtu mzima mimi, mwenye wajukuu! Mdogo wangu alinishangaa, na sikumlaumu, maana wakati wa mambo ninayotaka kukusimulia yeye alikuwa bado mgongoni kwa mama na hakumbuki kitu. Kurumbiza ni ndege mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa. Hujificha vichakani, huimba giza linapokaribia, na nyimbo zake nyingi si zake. Huokota za wengine. Ataiga mwewe, ataiga kuku aliyetaga, ataiga mtu anayepiga mluzi. Katika korongo lililo chini ya migomba ile, zamani, alikuwa na kitu kingine mdomoni, na kitu hicho nusura kituulie bibi.

Nyumba ya bibi ilikuwa juu kabisa kijijini, mahali ambapo ukiangusha kiazi unakikuta kwa jirani. Ilikuwa miaka ya Ujamaa. Kwetu watu hawakuhamishwa sana, maana mlima hauna pa kupangia nyumba kwa mistari, lakini shamba la kijiji lilikuwepo, duka la ushirika lilikuwepo, na foleni ya sukari ilikuwepo hata siku ambazo sukari yenyewe haikuwepo. Asubuhi kengele ya misheni ililia, tukanywa uji, tukaenda shule tunatetemeka kwa baridi. Mchana tulipalilia kabichi, au tulikaa jikoni tukimenya njegere, moshi unatutoa machozi, na bibi anatuonya tusizimalize mbichi. Jioni kulikuwa na magimbi ya kuchemsha, maharage, na ule ugali wa bibi uliokuwa mgumu kiasi cha kujengea ukuta. Nimekula hoteli za Morogoro mjini, nimekula Dar es Salaam, ugali ule sijaupata tena.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mwanamume wa nyumba ile alikuwa mjomba, mtoto wa mwisho wa bibi na wa kiume pekee. Lo, yule mtu alikuwa na mdomo! Alimwiga padre akihubiri, alimwiga mwalimu mkuu akitafuta miwani iliyo usoni kwake, alimwiga mbuzi aliyeteleza. Ndege ndio usiseme. Alikaa kimya kichakani, akatia vidole mdomoni, na ndege wakaja mpaka kwenye tawi la juu yake kutafuta ndugu yao. Sisi watoto tulimganda kama kupe. Mimi nilikuwa na kipaji hicho kidogo, na yeye ndiye alinifunza kumsikiliza mtu kabla ya kumwiga.

Shamba lake lilikuwa ng'ambo ya korongo. Kila jioni alirudi kwa njia ya korongoni, na akifika kwenye ule mteremko wenye miti mikubwa alianza kupiga mluzi wake. Nitakuelezaje? Sauti ilipanda, ikapanda tena, ikashuka, halafu ya mwisho akaivuta kama mtu anayeuliza swali. Bibi hakuwa anatazama jua wala nini. Akisikia mluzi, anatia unga kwenye maji. Mjomba akitokea uani ugali unageuzwa, na bibi atasema, "Umechelewa, umepoa huu," na huku mvuke unafuka.

Sasa nikujulishe mtani wetu, maana bila yeye hadithi haina miguu. Kwetu kila ukoo una watani wake, ukoo mwingine ambao kwenye msiba hufanya zile kazi ambazo wafiwa hawaziwezi: kuchimba kaburi, kupika, na kuwachekesha. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anadai chakula cha marehemu na kugomba kama yeye. Huruhusiwi kumkasirikia, ukinuna, anaondoka na kuku wako. Wetu alikuwa mama mmoja mnene, mfinyanzi wa vyungu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alipokufa mzee mmoja aliyekuwa analala kanisani kila Jumapili, mtani alivaa koti lake akaketi mbele ya maiti, akaanza kukoroma. Akakoroma, akashtuka, akaitikia "Amina" mahali pasipo na sala, akalala tena. Mjane wa yule mzee alicheka akiwa amekaa juu ya mkeka wa msiba, halafu kicheko kikageuka kilio, na kilikuwa kilio cha kwanza alichoweza kulia tangu asubuhi.

Siku hiyo nilimfuata mtani jikoni nikamwonyesha jinsi ninavyomwiga mzee yule yule. Nilijua nimempatia: pumzi yake, kidevu chake, mkono wake juu ya fimbo. Mtani hakucheka hata kidogo. Akanishika bega kwa mkono wenye masizi. "Mjukuu wangu, usimwige mtu kama alivyo. Mzidishie. Kama alikuwa na pua ndefu, mpe mkonga. Ukimwiga sawasawa humchekeshi mtu, unamwita marehemu. Na akija utamweka wapi?" Kisha akaniambia jambo jingine: mtani hagusi nguo za mtu aliye hai, hata kwa mzaha. Akivaa nguo zako, basi wewe umekwisha.

Vita vya Kagera vilipoanza, wanamgambo wa kijiji waliitwa, na mjomba alikuwa mwanamgambo. Siku hiyo bibi alikuwa shamba la kijiji, zamu yake, mbali upande wa pili wa mlima. Lori lilikuja mapema kuliko walivyoambiwa. Mjomba aliacha koti lake la baridi msumarini, akasema jeshini watampa jingine, akatubeba mmoja mmoja kutuaga, akateremka na wenzake barabarani. Bibi alirudi jioni akakuta koti. Alilishika mkono wa kulia, kama unavyomshika mtu mkono, akaliacha likining'inia pale pale.

Miezi ikapita. Tulisikiliza redio kwa jirani mpaka betri zikaisha, na betri nazo zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Halafu siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja na bwana mmoja kutoka wilayani, suruali imenyooshwa, viatu vina matope. Walimkuta bibi anachambua maharage. Yule bwana alisema maneno yake kwa adabu, namsifu kwa hilo. Alisema mjomba alikufa kishujaa, na kwamba amezikwa hukohuko pamoja na wenzake.

Bibi akauliza, "Nani alimwosha?"

Bwana akamtazama balozi. Balozi akatazama maharage.

"Nauliza, nani alimwosha mwanangu? Nani alimfumba macho?"

"Mama, vita..."

"Basi hajafa," bibi akasema, akaendelea kuchambua. "Mtu hafi hivyo hivyo tu kama kuku wa barabarani. Karibuni magimbi."

Misa ya marehemu ilisomwa kanisani. Bibi alikwenda, akapiga magoti, lakini mama alimsikia akimwombea mjomba safari njema. Msiba hakuukubali. Alikataa mkeka usitandikwe, alikataa majirani wasilale, alikataa moto wa uani. Watani walifika na majembe yao wakaambiwa hakuna kaburi la kuchimba, wakanywa togwa, wakaondoka kichwa chini. Nyumba ikabaki na kitu ambacho hakikuzikwa wala hakikuwa hai, nasi watoto tukawa tunapita mbali na lile koti.

Kisha ikaja ile jioni. Tulikuwa jikoni, mvua ya rasharasha, mama anamnyonyesha mdogo wangu. Kutoka korongoni ukasikika mluzi. Ukapanda, ukapanda tena, ukashuka, wa mwisho ukavutwa kama swali. Haki ya Mungu, nywele zangu zilisimama. Bibi aliruka kama msichana, akatia unga kwenye maji.

Mama alikimbia nje na mimi nyuma yake. Tulisimama ukingoni tukichungulia ukungu. Mluzi ukaja tena, karibu, kutoka kichakani, na baada yake kikafuata kilio cha mwewe, halafu kelele za kuku aliyetaga, vyote kwa koo moja. Mama akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa. Ndege alikuwa amemsikia mjomba kila jioni miaka yote ile, akaokota wimbo wake na kuuweka, na sasa alikuwa akiutoa wakati ambapo mwenyewe hayupo wa kuudai.

Tulimweleza bibi. Akasema, "Najua ndege ni nini, msinifundishe." Lakini alipakua ugali wa mjomba akaufunika kwa kawa. Na kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Jioni ikifika anatoka nje na kigoda, anakaa kwenye umande na kanga moja mabegani, na mluzi ukilia anaitikia: "Njoo basi, baba. Chakula tayari." Ukungu ulimwingia kifuani. Akaanza kukohoa kikohozi kizito, usiku kucha tunakisikia kupitia ukuta wa udongo. Akakonda. Ugali uliofunikwa hakutaka yeyote aule, wala yeye hakuula. Asubuhi aliwapa kuku.

Wiki moja ya masika mluzi ulisogea, kama ndege wanavyosogea, ukawa unatokea chini zaidi. Jioni moja tulirudi kutoka kisimani tukakuta kigoda kitupu. Mama alimkuta bibi ameshika mzizi ukingoni mwa korongo, mguu mmoja hewani, ukungu umefunika kila kitu chini yake. "Yuko hapo tu," bibi alisema. "Anaogopa kupanda." Mama alimvuta kwa nguvu zote, akamrudisha nyumbani mgongoni kama mtoto, na mwili wa bibi, mama alisema, haukuwa na uzito wa debe la maji. Mama alilia mbele yetu bila kujificha. Mjomba alikuwa amekwenda, na sasa alikuwa anamwita mama yake amfuate.

Asubuhi mama alikwenda kwa mtani. Sikujua walisema nini, ila nilisikia jibu la mwisho nje ya mlango: "Nitavaa koti lake. Akiniona nimelivaa atajua. Na nitamchekesha, hata iweje." Mtani alichukua koti siku hiyo bibi alipokuwa amelala, nami nilimwona akilikunja. Alilikunjua, akalikunja tena. Mjomba alikuwa mtani wake wa kila siku, walikuwa wanatukanana njia nzima ya kwenda gulioni, na nadhani alimpenda kuliko alivyotaka watu wajue.

Jioni ile majirani wachache waliitwa wakae uani kama kwa bahati tu. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake. Mpango ulikuwa mtani atokee njiani akiyumba, tumbo mbele, anapiga mluzi wa kukwaruza, anaanguka kwenye matope. Tulimwona akitokea juu ya njia, pale inapovuka ukingo wa korongo, na lile koti. Akavuta pumzi apige mluzi wake wa mzaha. Kabla hajafungua mdomo, ndege akapiga.

Mtani alisimama. Sijui nini kilimpata. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba miguu ilikuwa yake lakini hatua hazikuwa zake. Alianza kuteremka, na hakuyumba. Aliinamisha kichwa upande mmoja kama mjomba, alibeba bega moja juu kama mjomba, vile alivyozoea mikungu ya ndizi. Akajibu mluzi, safi, bila kukwaruza. Mama mnene yule! Katika mwanga ule mdogo hatukumwona mama mnene. Alipofika uani alikung'uta miguu kwenye jiwe la mlangoni. Hakuna aliyecheka. Jirani mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Bibi alisimama. "Umechelewa," akasema. "Umepoa huu."

Alimnawisha maji ya moto. Akaweka ugali mbele yake, akafunua maharage. Mtani alipaswa kuruka pale, apige kelele, avunje jambo lile. Ndiyo kazi yake. Lakini alikuwa anakula tu, machozi yanateremka mpaka kwenye kola ya koti. Bibi alimtazama akila. Mama aliniminya mkono mpaka ukafa ganzi. Niliwaza: sasa amefika, na hataondoka tena, na bibi ataondoka naye. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na tangu siku ile sijawahi kumwiga mtu kwa ukamilifu.

Tonge la tatu au la nne, bibi akasema, "Hukutazama nyuma."

Mtani akaacha kutafuna.

"Mwanangu haingii ndani bila kutazama nyuma. Tangu mdogo." Bibi aliongea taratibu, kama anayetafuta sindano kwenye mkeka. "Alikuwa mwoga wa korongo lile, ninyi hamjui. Mwoga! Jitu zima lile. Nikimtuma kuni alikuwa analia. Ndipo nikamfundisha mluzi, nikamwambia, apige akipita pale, mimi nitamsikia, na hakuna kitakachomgusa. Na mimi wimbo ule niliutoa wapi? Kwa ndege. Kwa hao hao." Akanyoosha mkono kuelekea kichakani. "Kwa hiyo msifikiri sijui ndege."

Kisha akasema, "Vua."

Mtani alivua koti. Bibi alilivaa, likamfika magotini, mikono ikameza vidole vyake. Akapanda njia polepole akikohoa, tukaogopa anakwenda korongoni, mama akanyanyuka, lakini mtani akamkalisha. Bibi aligeuka juu ya njia. Akainamisha kichwa. Akapandisha bega. Akaanza kuteremka kama mwanawe, bibi kizee yule, kwa miondoko ya kijana wa mlimani, akatia vidole mdomoni apige mluzi, na kwa kuwa meno ya mbele hakuwa nayo ukatoka upepo mtupu: fyuu, fyuu, fyuuu.

Mtani ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka tumboni kama mtu aliyezibuliwa. Halafu jirani, halafu mama, halafu mimi, tukacheka tukishikana, na bibi hakukasirika. Alizidisha! Akapuliza kwa nguvu zaidi, akateleza makusudi, akakung'uta miguu kwenye jiwe kwa vishindo vya tembo. Halafu akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye mwimo, akatazama nyuma.

Tulisubiri aingie. Hakuingia. Alitazama njia ile tupu muda mrefu, mpaka kicheko kikatuishia mmoja mmoja. Akasema kwa sauti ya mjomba, ile sauti ya kawaida tu ya mtu anayetoka kwenda shamba, "Mama, mimi nakwenda."

Akajijibu kwa sauti yake. "Haya, baba. Nenda."

Akavua koti akampa mtani, kama desturi inavyotaka, nguo za marehemu ziende kwa mtani. Akakaa chini kizingitini, na ndipo alipolia. Nilikuwa sijawahi kusikia kilio kile na sitaki kukisikia tena. Mama alitandika mkeka. Majirani walileta kuni. Watani wengine walifika kabla ya asubuhi, na siku zilizofuata walichimba shimo dogo karibu na kaburi la babu, wakazika humo jembe la mjomba. Bibi alikula ugali wake mwenyewe. Kikohozi kilichukua muda, lakini kilipoa, na aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo.

Ndege aliendelea na mluzi wake misimu kadhaa. Bibi aliusikia akiwa anasonga ugali, wala hakuinua kichwa. Mwaka hadi mwaka wimbo ukapungua kipande, ukaongezewa kingine, hadi siku moja sikuweza kusema tena kama ni ule au siyo. Miti mikubwa ya korongoni ilikatwa, kukapandwa karoti. Mtani alikufa nikiwa nasoma sekondari mjini, na nasikia alipozikwa hakuna aliyeweza kumwiga. Watu walikaa kimya wakala wali. Siku hizi misiba yetu ina spika kubwa na mshereheshaji wa kukodi. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba watu wanarudi nyumbani bila kucheka na bila kulia sawasawa.

Picha ya mjomba hatukuwa nayo. Ndiyo maana nilimrushia yule ndege udongo, nadhani. Nilimkasirikia kwa kutoitunza ile sauti, kama vile mimi nimeitunza. Sijaitunza, rafiki yangu. Nimejaribu tena na tena, nimefumba macho, nimeita kichwa chake kilichoinama, bega lake, koti lake likiteremka njiani katika ukungu. Vyote vinakuja. Lakini anapogeuka mlangoni nimwone uso, anayenitazama kila mara ni mama yake.